Ekari Saba za Wakili Mabry

Jedidah Nyaboke hakuwa mtu wa kutulia. Mumewe, Mwita, alilijua hilo tangu siku alipopelekwa na wazee wake kumposa kule Kisii. Wazee wa pande zote mbili wamejaa sebuleni, soda zimefunguliwa, maneno yanakwenda kwa adabu, na anayeposwa ametoka nje mara nne: mara kuangalia kuku, mara kuangalia wingu la mvua, mara kumsalimu jirani, na mara ya nne hakuwa hata na kisingizio. Miaka kumi na sita baadaye, katika nyumba yao ya kupanga mjini Irving, Texas, ambako ndege hupita juu ya paa kama zinataka kulikwangua, Jedidah bado alikuwa akinywa chai amesimama.

"Mama Whitney, si ukae," Mwita alikuwa akimwambia.

"Nimekaa kwa gari saa tano. Wacha miguu ijue bado iko."

Baba yake Jedidah, mwalimu wa shule ya msingi, alishtakiana na ndugu yake kwa miaka kumi na tisa juu ya ukanda wa shamba ambao mtu mzima angeuvuka kwa hatua mbili. Jedidah alikua akiziona bahasha za korti mezani pamoja na sufuria ya ugali. Kesi iliahirishwa, ikahamishwa, faili likapotea, likapatikana, na baba akafa kabla hakimu hajasema lolote. Binti akaamua kusomea sheria. Alipoapishwa akafungua ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mbolea, na kwa miaka sita akawapigania wajane waliokuwa wakisukumwa nje ya mashamba ya waume zao. Kisha Mwita, ambaye ni muuguzi, akapata kazi Texas, na familia ikahama wakati Whitney, mtoto wao wa pekee, ana miaka mitatu.

Huko Texas cheti chake cha uwakili kilikuwa karatasi nzuri ya ukutani, basi. Miaka ya kwanza aliwatunza wazee majumbani huko Grand Prairie. Aliwapenda, lakini kushinda na mtu mmoja katika chumba kimoja kulimshinda. Ndipo mama mmoja wa kanisani kwao alipomwambia kwamba kuna kampuni ndogo Fort Worth inayotafuta watu wa kusoma vitabu vya ardhi. Mwenye kampuni, mzee mmoja aliyeitwa Kessler, alimpa hati ya mwaka 1902 iliyoandikwa kwa mkono, mwandiko kama nyuzi zilizovurugika, akamwambia aisome. Jedidah akaisoma yote, kisha akamwonyesha mahali karani alipokosea kuandika mpaka wa mashariki. Akaajiriwa siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: mteja akitaka kununua ardhi, Jedidah aende kwenye mahakama ya kaunti, afungue vitabu, afuatilie nani alimuuzia nani na nani alimrithi nani, tangu mmiliki wa leo mpaka wa kwanza kabisa. Palipo na pengo aseme. Leo yuko kaunti hii, kesho ile, gari likimeza maili. Kwa mara ya kwanza tangu aje Marekani alilala vizuri. Pia alianza kuomba ruhusa ya kufanya mtihani wa uwakili wa Texas, na bodi ya mtihani ilitaka, pamoja na mambo mengine mengi, barua ya mwajiri kuthibitisha tabia yake. Kessler alikubali kuiandika.

Mwaka wa nne wa kazi hiyo alitumwa kwenye kaunti moja kati ya Dallas na Houston. Kampuni ya Houston ilitaka ekari elfu mbili na mia tatu kando ya barabara kuu ijenge maghala. Jedidah akaanza kurudi nyuma, kitabu baada ya kitabu, na kila njia aliyoifuata ikaishia kwa mtu mmoja: Ezra Mabry, wakili.

Mabry alikuwa ametoka Tennessee mwaka 1847, kijana wa miaka ishirini na minne, akiwa na farasi na sanduku la vitabu vya sheria. Wakati huo Texas ilikuwa imewagawia wanajeshi wake wa zamani karatasi za ardhi, lakini wengi hawakujua ardhi yenyewe iko wapi wala namna ya kuisajili. Mabry alizichukua karatasi zao, akaingia porini na mpima ardhi, akalala mvuani, akapima, akarudi mjini kusajili. Ada yake ilikuwa nusu ya shamba. Kwa mwendo huo, miaka kumi na miwili baadaye alikuwa na ekari elfu kumi na moja.

Maktaba ya mji ilikuwa na kasha la barua zake. Jedidah hakuhitaji barua kwa kazi yake, lakini saa ya chakula cha mchana hakuwa na pa kukaa, akaenda kuzisoma. Katika moja Mabry alimwandikia dada yake: "Nyumba mpya imekwisha, nayo imeanza kunichosha." Alijenga nyumba tano katika kaunti ile ile moja. Alioa, mke akafa kwa homa. Akaoa tena, na mke wa pili naye akafa. Alikuwa akiandika barua akiwa juu ya farasi, ndiyo maana herufi zake ziliruka. Jedidah alicheka kwa sauti, mpaka mkutubi akamtazama.

Nyumbani akawa hana mazungumzo mengine. "Huyu mtu ni mimi," alimwambia Mwita. "Wakili, amekuja kutoka mbali, hawezi kukaa mahali pamoja, na maisha yake yote ni mashamba."

"Basi mwambie akusaidie kufanya ule mtihani," Mwita akasema, na Whitney, aliyekuwa na simu mkononi, akajibu kwa Kiingereza kwamba mama yake anampenda mzungu aliyekufa.

Jumatano moja Jedidah alifungua kitabu cha rehani cha mwaka 1859. Mabry alikuwa ameweka dhamana ili anunue shamba jingine kando ya kijito. Dhamana iliorodheshwa kwa mwandiko safi wa karani: nyumbu wanane, mtambo wa kuchambua pamba, na "Dorcas, miaka kumi na tisa, na mtoto wake wa kike anayenyonya." Halafu magari mawili ya kukokotwa na ng'ombe.

Alisoma mstari ule mara tatu. Siku zote alijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba watu wa aina ya Mabry wakati ule walimiliki watu. Lakini kujua si sawa na kuona jina kati ya nyumbu na mtambo wa pamba. Akafunga kitabu, akatoka nje, akazunguka jengo la mahakama mara mbili kwa jua kali, akaingia garini na kuwasha injini bila kwenda popote. Alijionea haya kwa kile kicheko chake cha maktabani.

Jioni alimsimulia mumewe. Mwita, mtu wa maneno machache, alisikiliza huku akimenya viazi.

"Acha kumsoma basi," akasema.

"Nitaachaje na ndiyo kazi?"

"Soma mashamba. Yeye mwache."

Alijaribu. Kwa wiki mbili alisoma mipaka tu, namba tu. Ripoti ilikuwa karibu kwisha na faharasa ya hati, ile orodha ya hati zote zilizosajiliwa, haikuwa na pengo hata moja. Lakini katika orodha za kodi aliona jambo dogo. Mpaka mwaka 1870 Mabry alikuwa akiandikishwa kwa kipande kimoja cha kaskazini chenye ekari mia sita na arobaini. Kuanzia 1872 kipande kile kile kiliandikwa mia sita thelathini na tatu. Ekari saba zimekwenda wapi? Hakuna hati ya kuuza, hakuna wosia, hakuna hukumu ya korti. Mtu mwingine angesema karani alikosea hesabu, akaenda zake. Jedidah hakuweza. Alikwenda mpaka kwa karani wa siku hizi, mwanamke mpole mwenye miwani shingoni, akamwomba kila kitabu cha mwaka 1871, si vya ardhi tu.

"Hata cha alama za ng'ombe?" karani akauliza kwa mzaha.

"Hata hicho, mama."

Kilikuwa kitabu ambamo wafugaji walisajili chapa za kuchoma mifugo wao. Kurasa nyingi za michoro: pembe, mwezi mwembamba, herufi zilizolala. Ukurasa wa themanini na nane haukuwa na mchoro. Ulikuwa na mwandiko unaoruka, ambao Jedidah aliutambua kabla hajasoma neno. Mimi, Ezra Mabry, nampa Dorcas, mwanamke huru, na wa kwake, na watakaozaliwa nao, ekari saba kaskazini ya kijito, ziwe zao za kuzikia na kuabudia; wala mimi wala warithi wangu tusizidai kamwe. Chini palikuwa na sahihi yake, mashahidi wawili, muhuri wa kaunti, na msalaba wa Dorcas, aliyekuwa hajui kuandika.

Kwa nini aliiweka pale? Labda karani wa wakati ule alikataa kuingiza hati ya mwanamke mweusi katika kitabu cha ardhi. Labda Mabry mwenyewe aliificha majirani na wanawe wasiione. Hakuna aliyeandika sababu. Jedidah alipiga picha ukurasa, kisha akaendesha gari mpaka kwenye ardhi yenyewe.

Nyuma ya majani marefu na mialoni alikuta makaburi. Mengine yalikuwa mawe tu yaliyosimamishwa, lakini majani kati yake yalikuwa yamefyekwa, na kulikuwa na maua ya plastiki ambayo jua lilikuwa bado halijayapausha. Watu walikuwa wakija. Kwenye lango la waya palifungwa kibao cha mbao chenye namba ya simu: wanaotaka kusaidia kufyeka, pigeni. Hakupiga. Kwanza alikwenda Fort Worth.

Kessler aliisoma picha, akavua miwani.

"Jedidah, mteja anataka ripoti Ijumaa. Faharasa iko safi."

"Faharasa iko safi. Ardhi haiko safi."

"Mkataba wetu unasema tunapekua vitabu vya ardhi. Hiki ni cha ng'ombe."

"Kina muhuri wa kaunti, mzee. Na kuna watu wamezikwa pale. Nimeyaona makaburi."

Kessler hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemfundisha kusoma vipimo vya kale, alimpa likizo bila maswali mama yake alipougua. Alisugua macho yake kwa muda. "Sijakuambia useme uongo. Nimekuambia uishie pale tulipokubaliana kuishia."

Jedidah aliandika ripoti yake, akaambatisha ukurasa wa themanini na nane, akautaja mwanzoni kabisa. Jumatatu iliyofuata aliona nakala iliyopelekwa Houston. Ukurasa haukuwemo.

Siku zile hakushikika. Alipanga kabati za jikoni, akazipangua. Alimpeleka Whitney shuleni akapita lango la shule bila kusimama, mpaka mtoto akapiga kelele. Alimpigia simu mama yake Kisii kumwuliza mambo ya mahindi na kukata kabla hajajibiwa. Mwita alimshika mkono, akamketisha kwenye kochi kwa nguvu kidogo.

"Sema."

Akasema yote.

"Na ile barua ya tabia njema?" Mwita akauliza. "Ukimwendea kinyume Kessler, ataandika nini? Miaka yote hii unangojea huo mtihani."

"Najua."

"Unaweza kunyamaza. Si wewe uliyetoa ukurasa."

"Baba Whitney, kitabu ni cha umma. Mtu yeyote anaweza kukifungua. Shida ni kwamba hakuna anayejua akifungue, ila mimi. Nikinyamaza, ni mimi nimeutoa."

Mwita alichukua simu ya mkewe mezani, akamsogezea. "Mimi kazi ninayo," akasema. "Piga simu."

Aliyepokea alikuwa Bi Verlene Tatum, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minane, mkazi wa mji wa DeSoto. Jumapili baada ya ibada Jedidah na Mwita walikwenda kwake. Nyumba ilikuwa nadhifu, picha za wajukuu ukuta mzima. Jedidah aliweka nakala mezani bila maelezo marefu. Bi Verlene akaisoma polepole, kidole kikifuata kila mstari, na alipofika kwenye ule msalaba akakiacha kidole pale pale.

"Bibi yangu alisema karatasi ipo," alisema. "Mama yangu alikwenda mahakamani mara mbili kuiulizia. Mara ya pili walimcheka. Akatuambia tusiulize tena, tufyeke tu."

Jedidah akauliza lile lililokuwa likimkera. "Mama, yule mtoto aliyekuwa akinyonya... ni wa Mabry?"

"Sisi ndio uzao wa yule mtoto, na sote tunajua baba yake ni nani," Bi Verlene akasema. "Lakini hatumwiti babu." Akainuka kuleta keki.

Mambo yalikwenda haraka kisha yakakwama, kama yaendavyo mambo ya ardhi popote. Kanisa la Bi Verlene lilimpata wakili, naye akapeleka nakala kortini kuomba ekari saba zitambuliwe. Kessler akapata habari. Hakumfokea Jedidah, aliacha tu kumpigia. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na Jedidah akarudi kuwaosha wazee Grand Prairie, akihesabu maili kichwani kwa mazoea. Ile barua ya kupelekwa kwa bodi ya mtihani ilikuwa bado kwa Kessler, na hakuthubutu kuiulizia.

Siku ya kusikilizwa aliitwa kizimbani. Aliapa, akaeleza: ekari mia sita na arobaini zilivyogeuka mia sita thelathini na tatu, alivyoomba vitabu vingine, alichokikuta. Wakili wa kampuni ya Houston alimwuliza kama katika nchi yake hati za ardhi huandikwa katika vitabu vya mifugo.

"Katika nchi yangu," Jedidah akajibu, "baba yangu alikufa akingoja korti isome karatasi. Mimi ninaomba tu hii isomwe."

Jaji akaipokea hati. Kabla ya kikao cha pili kampuni ilituma wapima ardhi. Ikaonelea ni nafuu kusogeza uzio kuliko kushindana na makaburi mbele ya magazeti. Ekari saba zikawekewa alama za chuma kila pembe, na hati mpya ikasajiliwa, safari hii katika kitabu cha ardhi, kwa jina la kanisa na uzao wa Dorcas.

Ndipo bodi ya mtihani ilipomwandikia Jedidah kwamba faili lake limekamilika. Aliomba kuona barua ya mwajiri. Kessler alikuwa ameandika mistari miwili: kwamba Jedidah Nyaboke alimfanyia kazi miaka minne, na kwamba hakuna kitu alichowahi kukipita bila kukitazama. Aliisoma akiwa amesimama jikoni. Hakujua kama yule mzee alikuwa akimsifu au akimlalamikia, na alipopiga simu kumshukuru hakupokea.

Mara ya kwanza alianguka mtihani. Alikaa chini, kweli alikaa, siku nzima, na Whitney akamletea chai akaisahau ikapoa. Mara ya pili akapita. Ofisi moja ya Houston inayozisaidia familia zenye mashamba yasiyo na karatasi ikamchukua, na sasa siku tatu za wiki yuko kule, siku nyingine Irving, na gari lake lina harufu ya kahawa na karatasi. Mwita anasema ameoa barabara kuu.

Huko Houston, katika majalada ya mji, alimalizia maisha ya Mabry bila kutumwa na mtu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyowaweka huru watumwa, wakili yule aliuza ardhi yake kipande kwa kipande kuchangia reli ipite mjini kwake. Reli ikapita mji mwingine. Akahamia Houston, akawa akiwaandikia watu barua za madai. Alikufa mwaka 1884 katika chumba cha kupanga, na orodha ya vitu vyake ilikuwa fupi: suti mbili, saa iliyosimama, vitabu vya sheria kumi na vinne. Ardhi, hakuna. Jedidah alitafuta ndani yake huruma, na ilikuwepo, kidogo. Lakini kila ilipotaka kukua alimkumbuka Dorcas kati ya nyumbu na mtambo, ikasinyaa.

Mwezi Juni uliopita alialikwa siku ya kufyeka makaburi. Walikuja watu kama sitini, vijana wakiwa na mashine za kukata majani, wazee wakiwa na viti vya kukunja. Palikuwa na ubishi juu ya bango jipya la langoni. Mpwa mmoja wa Bi Verlene alitaka jina la Mabry liandikwe, kwa kuwa ndiye aliyetoa. Dada yake akasema hakutoa kitu, alirudisha sehemu ndogo ya jasho la wengine. Sauti zikapanda. Mtu akasema aulizwe wakili.

Wote wakamgeukia Jedidah, aliyekuwa ameshika reki, jasho likimtiririka. Angeweza kusema mambo mengi juu ya yule mtu, pengine kuliko mtu yeyote aliye hai.

"Mimi ni mgeni hapa," akasema. "Bango ni la wenye makaburi."

Bi Verlene akacheka, akasema basi litabaki wazi mpaka wakubaliane, hata ikichukua mwaka. Wakarudi kazini. Jedidah alikwangua majani mpaka saa nane, akaagana nao mmoja mmoja, akachukua sahani ya nyama ya kuchoma aliyofungiwa kwa ajili ya njiani. Jumatatu alikuwa na kesi Houston, ya ndugu watatu na nyumba ya mama yao. Akaangalia mafuta kwenye gari, akashika barabara ya kusini.